Somo: "Get" si "pata" peke yake

Mgeni anayejifunza Kiswahili akikutana na "piga" hutaabika kweli. Ameambiwa piga ni kama kumchapa mtu fimbo, halafu anasikia watu wanapiga simu, wanapiga pasi, wanapiga picha, wanapiga magoti, wanapiga chafya. Sisi hatushtuki, kwa sababu sikio letu halisimami kwenye "piga". Linangoja neno linalofuata, na hilo ndilo linaloleta maana.

Mbele ya "get" sisi ndio wageni. Wengi tulifundishwa kwamba "get" ni pata, na si uongo: neno hilo liliingia Kiingereza kutoka lugha ya kale ya Skandinavia, na huko "geta" ilikuwa kupata. Ila ukibaki na pata tu, utakwama kwenye sentensi ya tatu. Ninachokuomba katika somo hili ni kimoja: usiiulize "get" maana yake. Tazama kinachoifuata.

Hatua ya kwanza: je, kinachofuata ni jina la kitu?

Hapa ndipo pata ilipo, pamoja na ndugu zake. "I got a letter" ni nilipokea barua. "I got these shoes yesterday" ni nilinunua viatu hivi jana. "Get me a chair" ni niletee kiti. Mtu akigonga na mwenzako akasema "I'll get it", anakwenda kufungua mlango. Mkiwa katikati ya maelezo akasema "I don't get it", hajaelewa.

Angalia mtego mmoja. Sisi husema nilipata ajali, na wengi huandika "I got an accident". Waingereza husema "I had an accident". Pata yetu nayo ina mipaka yake ambayo Kiingereza hakiifuati.

Hatua ya pili: je, ni neno la sifa?

Basi "get" ni kuingia katika hali hiyo, na hapa Kiswahili kinatusaidia sana, kwa kuwa mara nyingi kina kitenzi kizima kinachobeba maneno yote mawili. "Get tired" ni choka, "get old" ni zeeka, "get angry" ni kasirika, "get wet" ni lowa, "get drunk" ni lewa, "get used to" ni zoea. Kwenye daftari lako usiandike "get" upande mmoja na "tired" upande mwingine. Andika "get tired" kama neno moja, kisha choka mbele yake.

Sasa tulia hapa kidogo, maana kosa hili nalikuta kila siku. Nimechoka si "I have got tired". Ile -me- yetu inaeleza hali uliyonayo sasa, na Kiingereza huisema kwa "be": "I am tired". Ukisema "I get tired", umesema huchoka, ni tabia ya mwili wako. Ukisema "I'm getting tired", uchovu ndio unaanza kukuingia na bado una nguvu kidogo. Sentensi tatu, hali tatu.

Hatua ya tatu: je, ni mahali?

Ni kufika. "We got to the airport at six." Kumbuka tu kwamba "home", "here" na "there" hazitaki "to": "I got home late", wala si "got to home".

Hatua ya nne: je, ni kitenzi katika umbo la tatu, kama "stolen", "broken", "done"?

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Kwanza, "get" husimama mahali pa ile -wa au -ka yetu. "My phone got stolen" ni simu yangu iliibiwa. "The glass got broken" ni glasi ilivunjika. Katika kundi hili yumo "get married", na hapo utaona Kiswahili kinavyosema zaidi ya Kiingereza: mwanamume ameoa, mwanamke ameolewa, lakini "get married" haitenganishi. Ukitaka kumtaja mwenza, tumia "to". Sisi tumezoea kufunga ndoa na mtu, ndiyo maana "with" hututoka mdomoni, lakini sahihi ni "She got married to a doctor".

Pili, kitu kinaweza kukaa katikati: "I got my hair cut." Miaka ya mwanzo nilikuwa nasema "I cut my hair", hadi mtu mmoja akaniuliza kwa mshangao kama nimejikata mwenyewe. Hakuwa na nia ya kunicheka, ndivyo alivyosikia. Fikiria tunavyosema wenyewe: nimejenga nyumba. Mafundi ndio waliobeba tofali, lakini mwenye nyumba husema nimejenga na kila mtu anamwelewa. Mwenye gauni husema nimeshona, ilhali fundi ndiye aliyekaa kwenye cherehani. Kiingereza mara nyingi hakisemi hivyo. Kwa kawaida kazi iliyofanywa na mwingine kwa agizo lako huonekana: "I got a dress made", "I got the car repaired". Kabla hujaandika sentensi kama hizi, jiulize mkono wa nani ulifanya kazi.

Akiwa mtu ndiye aliye katikati, tunaweka "to": "I got him to sign", nilifanikiwa kumfanya asaini, pengine kwa kumbembeleza. "I made him sign" haina "to", tena ina harufu ya kulazimisha.

Hatua ya tano: "get to" pamoja na kitenzi

Nafurahi kila nikifika hapa. "I got to see her before she left" ni nilipata kumwona kabla hajaondoka. Neno kwa neno! Lakini sijapata kuona, kwa maana ya tangu nizaliwe, ni "I have never seen", bila "get".

Hatua ya sita: vijineno vya nyuma

"Up", "on", "off", "over", "by" na wenzao. Usijaribu kuvimaliza kwa siku moja. Anza na vile vya kila siku: "get up" ni amka au inuka, "get by" ni kujikimu kwa kidogo ulicho nacho, "get over" ni kupona ugonjwa au kutulia baada ya huzuni, "get away with" ni kufanya kosa usiadhibiwe. Panda na shuka zina masharti: basi, treni na ndege ni "get on" na "get off", gari dogo ni "get in" na "get out of". "Get along" ni patana, na ukiitazama patana utaiona pata imo ndani yake.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. "Got" na "gotten" ipi ni sahihi?

Jibu: Marahaba. Zote. Uingereza leo hutumia "got", Marekani wameihifadhi "gotten" ya zamani. Ila kwa Wamarekani zinatofautiana: "I've got a car" ni nina gari, "I've gotten a car" ni nimepata gari. Chagua upande mmoja, usichanganye katika maandishi yaleyale.

Swali: Mwalimu, naweza kuitumia kwenye barua ya kuomba kazi?

Jibu: Si kosa, lakini ni lugha ya mazungumzo. Badala ya "I got my certificate" andika "I received" au "I obtained". Badala ya "get better" andika "improve". Katika barua rasmi mimi huipitia kila "get" na kuitafutia kitenzi chenye maana moja.

Swali: Samahani, "I have got to go" ni nimepata kwenda?

Jibu: Hapana ndugu yangu, ni lazima niende. "Have got to" ni sharti. Kwenye mazungumzo ya haraka utasikia "gotta".

Swali: Nilimsimulia mtu jambo, akasema "Get out of here!" huku anacheka. Nikaondoka. Nilikosea?

Jibu: Pole. Hakukufukuza, alikuwa amestaajabu, kama sisi tunavyosema "wacha wee!" Uso na sauti ndivyo vinavyokuambia. Angekuwa amekunja uso, hapo kweli ungeondoka.

Swali: Je, "I get it", "I've got it" na "I got this" ni kitu kimoja?

Jibu: La. "I get it" ni naelewa. "I've got it" ni ninacho, au nimeshapata jibu. Na simu ikiita, anayesema hivyo anawaambia wengine wakae, ataipokea yeye. "I got this" ni ya mitaani zaidi: niachie mimi, naimudu.