Jinsi ya Kuandaa Orodha ya Watu Mashuhuri Waliowahi Kuishi Kwenye Kiunga cha Jiji

Orodha nyingi za aina hii huharibika siku ya kwanza kwa sababu waandaaji huanza na majina. Majina hayana shida kupatikana: kila mtaa una fulani anayesemekana alikaa pale kwenye kona. Kinachokosekana ni nyumba, mwaka, na karatasi inayomfunga mtu huyo na nyumba hiyo katika mwaka huo. Kwa hiyo weka majina kando kwanza, uchukue ramani.

Mpaka kabla ya watu

Viunga havikai mahali pamoja. Jiji hukua, wilaya huunganishwa, kata hugawanywa, na nyaraka hubaki katika ofisi za utawala uliokwisha kufa. Feltham, magharibi mwa London, ilihesabiwa Middlesex mpaka mwaka 1965, ndipo ikaingizwa Greater London chini ya Hounslow. Oak Park, pembeni mwa Chicago, ilijitenga na Cicero mwaka 1902. Mwandishi Ernest Hemingway alizaliwa pale mwaka 1899, yaani kwa hesabu ya utawala wa siku ile alizaliwa Cicero. Ukitafuta kwa jina la leo peke yake, utarudi mikono mitupu na kudhani nyaraka hazipo.

Njia iliyo salama ni kutumia mpaka wa leo kwa miaka yote, na kusema hivyo kwenye mstari wa kwanza wa orodha. Kisha andika pembeni majina yote ya zamani ya eneo: parokia, wilaya, mashamba yaliyokatwa viwanja, hata majina ya nyumba zenyewe, maana nyumba za viungani zilikuwa na majina kabla ya kuwa na namba. Majina hayo ndiyo utakayotafutia.

Mpaka humaliza ubishi mwingi haraka. Mwanamuziki Billy Joel hutajwa mara kwa mara kuwa mtoto wa Levittown, New York. Alilelewa Hicksville, jirani yake, kwenye nyumba za mtindo uleule wa kampuni ya ujenzi ya Levitt. Mwenye ramani mezani hahitaji hata kubishana.

Nani anaingia

Tumia vitenzi vinne tu: alizaliwa, alilelewa, aliishi, alifariki. Kila mtu lazima awe na angalau kimoja, na kiandikwe wazi. Kusoma shule ya pale si kuishi. Kufanya kazi pale si kuishi, wala kuzikwa pale. Mtego mkubwa kuliko yote ni hospitali: kiunga chenye hospitali kubwa ya uzazi hujipatia mamia ya “wazaliwa” ambao mama zao walirudi nyumbani wiki ileile. Hao waache, isipokuwa anwani ya wazazi nayo iko ndani ya mpaka.

Weka kiwango cha chini cha muda. Miezi sita hufaa. Chini ya hapo utaanza kuhesabu wageni wa wikiendi. Ruhusu msamaha mmoja tu, nao ni kwa mtu aliyefanya pale jambo linalojulikana, hata kama alikaa wiki tatu.

Kuhusu umashuhuri, swali ni moja: je, kuna mtu asiye na uhusiano naye aliyemwandika kwa kina? Tangazo, orodha ya washindi au ukurasa alioutengeneza mwenyewe havitoshi. Ila jihadhari na mizani kulalia upande mmoja. Ukiacha orodha ijijaze yenyewe itakuwa ya wanasoka na waigizaji, huku wahandisi, wakunga, wataalamu wa mimea na wanaharakati wakikosekana, kwa kuwa hakuna aliyewatafuta.

Kukusanya na kuthibitisha ni kazi mbili

Kwanza kusanya kila kitu bila kuchuja: magazeti ya mtaa, tanzia, vibao vya kumbukumbu ukutani, wasifu, orodha za wahitimu, masimulizi ya wazee. Weka kwenye jedwali la kompyuta lenye safu hizi: jina, majina mengine, miaka ya uhai, sababu ya kujulikana, anwani ya wakati ule, anwani ya leo, mwaka wa kuingia, mwaka wa kutoka, ushahidi, na daraja la uhakika (A, B au C). Safu ya anwani ya wakati ule na ile ya leo zisiunganishwe hata siku moja. Sababu yake iko mbele.

Kuthibitisha ndiko kunakokula muda. A ni kwa mwenye nyaraka mbili za wakati ule zisizonakiliana. B ni kwa mwenye moja. C ni masimulizi tu, na C haichapishwi. Neno la kuzingatia ni “zisizonakiliana”: makala kumi zilizochota kisima kimoja ni ushahidi mmoja.

Kila aina ya waraka ina kasoro yake.

Sensa ni picha ya usiku mmoja. Itakuonyesha nani alilala ndani ya nyumba, akiwemo mgeni, kwa hiyo soma safu ya uhusiano na mkuu wa kaya: mpangaji ni mkazi, mgeni si mkazi. Jua pia mapengo. Kwa England na Wales, sensa ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942, ya 1941 haikufanyika, na pengo hilo huzibwa kwa daftari la wakazi la tarehe 29 Septemba 1939. Sensa za huko hufunguliwa baada ya miaka 100. Ile ya 1921 ilifunguliwa mwaka 2022. Marekani husubiri miaka 72, na karibu sensa yake yote ya 1890 imepotea.

Vitabu vya anwani vilivyochapwa kila mwaka hujaza katikati ya sensa, lakini vimechelewa: cha 1908 kimekusanywa 1907. Ukimwona mtu kwa mara ya kwanza kwenye cha 1908, andika “kufikia 1907 au 1908”, usiandike “alihamia 1908”.

Cheti cha ndoa hubeba anwani za muda; watu waliwahi kukodi chumba ili tu wahesabiwe wakazi wa parokia. Wosia hutoa anwani ya mwisho, na ni imara. Barua ni bora kuliko vyote ikiwa utasoma mhuri wa posta pamoja na anwani ya juu, kwa kuwa watu huandikia karatasi za hoteli au za nyumba waliyokwisha kuhama.

Daftari la wapiga kura huficha watu kuliko linavyowaonyesha. Chukua mwimbaji Freddie Mercury. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na familia yake ilihamia 22 Gladstone Avenue, Feltham, mwaka 1964. Anayemtafuta Mercury kwenye daftari la miaka hiyo hatampata. Akibadili na kutafuta Farrokh Bulsara bado hatampata mwanzoni, kwa sababu umri wa kupiga kura Uingereza wakati huo ulikuwa miaka 21 naye alikuwa hajaufikia. Sensa nayo haisaidii, maana ya 1971 bado imefungwa. Wanaotafutwa hapo ni wazazi, Bomi na Jer. Kanuni ni hiyohiyo kwa kijana yeyote: tafuta jina la mwenye kaya. Kwa wanawake wa zamani, tafuta la mume, baba au mwenye nyumba. Uingereza wengi wao hawamo kabisa kwenye madaftari ya ubunge kabla ya 1918.

Mwenye nyumba ndiye ufunguo unaosahaulika zaidi. Anwani ya mchoraji Vincent van Gogh kusini mwa London haikujulikana mpaka mwaka 1971, tarishi mmoja alipofuatilia nyaraka za familia iliyompangisha, akina Loyer, zikamfikisha 87 Hackford Road. Na hapo kuna somo la pili. Kwa miaka mingi wasifu ulimwita binti wa nyumba hiyo Ursula. Ursula alikuwa mama. Binti aliitwa Eugenie. Kosa la mwandishi mmoja wa mwanzo lilirithiwa na wote waliomnakili.

Namba za nyumba hudanganya

Hapa ndipo vibao huwekwa kwenye ukuta wa jirani. Nyumba aliyozaliwa Hemingway ilikuwa namba 439 North Oak Park Avenue. Leo ni 339. Nyumba ya wazazi wa Steve Jobs, mwanzilishi mwenza wa Apple, kwenye Crist Drive, Los Altos, ni 2066 sasa, ila karatasi za mwaka 1976 zinasoma 11161. Chicago ilibadili namba karibu jiji zima mwaka 1909.

Ili kuunganisha namba ya zamani na ya sasa, usimfuate mtu wako, wafuate majirani:

1. Fungua kitabu cha anwani cha mwaka ule. Andika familia tatu za kushoto na tatu za kulia, pamoja na makutano ya barabara yaliyo karibu.
2. Fungua cha miaka miwili mitatu baadaye. Familia zilezile zikiwa na namba nyingine kwa mfuatano uleule, namba zimebadilishwa. Zikiwa na namba zilezile na mtu wako pekee hayupo, amehama.
3. Hesabu nyumba kutoka kwenye kona kwa ramani ya wakati ule inayoonyesha majengo. Kwa miji ya Marekani, ramani za bima za Sanborn zinafaa sana.
4. Linganisha umbo la jengo na lililopo leo. Lisipolingana, huenda lilibomolewa. Andika “eneo la nyumba”, si “nyumba”.

Ubomoaji ni wa kawaida kuliko watu wanavyodhani. Kibao cha kwanza cha mpango wa London, kilichowekwa mwaka 1867 kumkumbuka mshairi Byron, kilikwenda na nyumba yake ilipobomolewa mwaka 1889.

Kibao chenyewe, kwa njia, ni fununu na si ushahidi. Uliza nani alikiweka na kwa utafiti gani. English Heritage, shirika linaloendesha mpango huo wa London sasa, hutaka mtu awe amefariki kwa angalau miaka 20 na jengo liwe bado limesimama. Vibao vingine viliwekwa na mwenye baa. Jina la mtaa nalo ni vivyo hivyo. Kule Karen, Nairobi, mwandishi Karen Blixen aliishi kweli katika nyumba ambayo sasa ni makumbusho, kuanzia 1917 hadi 1931, lakini kama kiunga kiliitwa kwa jina lake au la binamu yake bado kunabishaniwa. Makazi yake yawe na safu yake, asili ya jina iwe na yake.

Kuandika mstari

Mstari mmoja, mpangilio mmoja kwa wote:

*Freddie Mercury (Farrokh Bulsara), 1946–1991, mwimbaji. Aliishi na wazazi wake 22 Gladstone Avenue, Feltham, kuanzia 1964. Kibao cha English Heritage, 2016.*

Panga kwa mwaka wa kuingia, si kwa alfabeti; msomaji ataona kiunga kikibadilika, na wewe utaona miongo isiyo na mtu, ambayo kwa kawaida ni miongo ambayo hujaitafuta. Usiandike “mkazi maarufu wa muda mrefu”. Andika miaka.

Kwa walio hai, ishia kwenye jina la kiunga na muongo. Namba ya nyumba na jina la barabara visiwepo, hata kama magazeti yamevitoa, na hata kama ameshahama, kwa kuwa wazazi au wapangaji wapya wanaweza kuwa bado wamo ndani. Mwenyewe akiomba atolewe kwa makazi ya utotoni yasiyojulikana hadharani, mtoe.

Madai mapya yakija, yasiingie moja kwa moja kwenye orodha. Yawekwe kwenye karatasi ya pili yenye daraja C, tarehe yalipopokelewa, na waraka gani mmoja ungeyapandisha hadi B. Waliokataliwa wabaki humo pamoja na sababu, la sivyo mtu yuleyule wa ile kona atapendekezwa upya kila mwaka na mtaanza kumtafuta upya.