Namna ya Kukagua Zulia la Kiajemi Lililofumwa kwa Mafundo

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia jamaa yangu kukagua zulia aliloambiwa lina mafundo maradufu ya yale tuliyoyahesabu. Vifaa ni vichache: kioo cha kukuza, kitambaa cheupe na rula ya chuma. Utepe wa fundi cherehani siupendi, kwa kuwa hulegea na kudanganya.

Hatua ya 1: Ligeuze. Nyuma inapaswa kuonyesha nakshi ileile ya mbele. Ikiwa imefunikwa kitambaa kilichogundishwa, zulia hilo halikufungwa fundo hata moja, na ukaguzi umekwisha.

Hatua ya 2: Tambua aina ya fundo. Panua manyoya kwa vidole hadi uone shina lake. Fundo la Kiajemi huuzungusha uzi kwenye mtande mmoja (uzi unaokwenda urefu wa zulia) na kuupitisha tu nyuma ya mtande wa jirani. Fundo la Kituruki huuzungusha kwenye yote miwili. Usilikatae zulia la Iran kwa sababu ya fundo la Kituruki. Mafundi wa Tabriz hulifunga kwa kulabu, na zulia la Pazyryk, lililochimbuliwa mwaka 1949 katika kaburi lililojaa barafu kwenye milima ya Altai, Siberia, likiwa na umri wa zaidi ya miaka 2,200, lina fundo hilohilo.

Hatua ya 3: Hesabu mafundo. Hesabu nyuma ya zulia mafundo yaliyomo katika sentimita 10 za upana, kisha sentimita 10 za urefu, halafu zidisha. Ugumu wote uko kwenye upana. Mitande ya kila fundo ikiwa imelala kwa usawa, fundo moja huonekana kama vinundu viwili vya rangi moja vilivyokaa ubavu kwa ubavu, na asiyejua huvihesabu kuwa mafundo mawili. Katika mazulia mengi ya Kashan, Kerman na Bijar, mshindio, yaani uzi unaopita kwa upana, huvutwa kwa nguvu hadi mtande mmoja wa kila jozi hufichwa na mwenzake. Hapo kinundu kimoja ndicho fundo zima, na kugawa kwa mbili ni kulipunja zulia. Ili kujua unashughulika na lipi, tafuta mstari wa nakshi ulio mwembamba kuliko yote, unaokwenda sambamba na mtande. Nasema ulio mwembamba kuliko yote kwa sababu mstari wa mafundo mawili katika zulia la aina ya pili hufanana kabisa na wa fundo moja katika zulia la aina ya kwanza. Ukiuona umeundwa kwa vinundu viwiliviwili, gawa idadi ya upana kwa mbili; idadi ya urefu haigawanywi kamwe. Vinundu 60 kwa upana na 30 kwa urefu ni mafundo 900, si 1,800.

Kisha hakikisha kwenye matamvua, ambayo ni ncha za mitande yenyewe: hesabu mitande ya sentimita 10 na ugawe kwa mbili, ukiyafuata matamvua hadi yanapoingia katika zulia, kwa kuwa nje huwa yamefungwa vichala. Ikiwa mafundo uliyoyahesabu nyuma ni nusu tu ya idadi hiyo, huenda fundi alifunga jufti, yaani fundo moja kwenye mitande minne, hila inayookoa muda na sufu lakini ikaacha manyoya haba. Kwa kulinganisha, zulia la Ardabil la mwaka 1539–1540, lililoko katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, lina takriban mafundo 5,300 katika eneo la sentimita 10 kwa 10. Hata hivyo, mimi huchagua gabbeh, zulia nene la Wakashkai, kabila la mkoa wa Fars nchini Iran, lenye mafundo machache na sufu nzuri, kabla ya zulia la mafundo mengi lenye sufu kavu.

Hatua ya 4: Pima rangi. Sugua kila rangi, hasa nyekundu, kwa kitambaa chenye unyevunyevu. Kikichafuka, zulia litachujisha rangi likifuliwa. Mabadiliko ya rangi kwa mistari ya mlalo, yaitwayo abrashi, si kasoro, kwani hutokana na sufu iliyotiwa rangi kwa mafungu tofauti.

Hatua ya 5: Jaribu hariri. Omba idhini, ng'oa unyuzi mmoja na uuchome. Hariri hunuka nywele zilizoungua. Pamba iliyong'arishwa hunuka karatasi.