Miche ya mpunga ikipauka kitaluni, tazama kwanza ni jani lipi

Kila wanapootesha kitalu baridi ya Juni na Julai haijaisha, wakulima wa bonde la Usangu huja na malalamiko yaleyale: miche iliota vizuri, kisha majani machanga yakaanza kutoka meupe-meupe au ya njano, huku ya chini yamebaki kijani. Wengi huwa wameshamwaga urea, mbolea ya naitrojeni. Baada ya siku kadhaa rangi ni ileile na fedha imekwenda. Jambo hili linaniuma, kwa sababu jani lenyewe lilikuwa limeshasema tatizo ni nini.

Ni jani lipi limegeuka rangi? Hilo ndilo swali la kwanza. Mpunga wenye njaa ya naitrojeni huinyang'anya kwenye majani makuukuu na kuipeleka kwenye machanga, kwa hiyo unjano huanzia chini. Machanga yakipauka ilhali makuukuu ni kijani, sababu ni nyingine: upungufu wa chuma, hasa kitalu kikiwa kikavu na udongo una magadi, upungufu wa salfa, au baridi. Hapa kwetu nyanda za juu kusini, baridi ndiyo inayosahaulika.

Ukijani wa jani umo ndani ya vichembe vidogo sana viitwavyo kloroplasti. Humo ndimo mwanga wa jua, maji na hewa ya kaboni vinapogeuka kuwa chakula cha mmea, kazi ambayo vitabu vya shule huiita usanisinuru. Kloroplasti ina jeni zake yenyewe. Za mpunga zilisomwa zote nchini Japani mwaka 1989. Lakini jeni hizo ni chache. Sehemu kubwa ya protini inazohitaji huagizwa na jeni zilizo kwenye kiini cha seli, kwa hiyo bila maagizo hayo kutoka nje kiwanda hicho hakikamiliki.

Mwaka 2011 watafiti wa Japani walieleza jeni moja ya kiini iitwayo V1. Waliifikia kupitia mpunga wenye kasoro ambao kwenye nyuzijoto 30 huota kijani kama kawaida, lakini kwenye nyuzijoto 20 majani yake machanga hutoka yamepauka. Jeni ya V1 ikiwa nzima hutengeneza protini inayoingia kwenye kloroplasti na kushikamana na RNA, yaani nakala za maagizo ya jeni, ili mitambo ya kuunda protini humo ndani isimame hata kukiwa na baridi. La muhimu kwa mkulima ni wakati wa kazi hiyo. Protini hiyo hujaa zaidi kwenye jani ambalo bado limefichwa ndani ya ala za majani yaliyolitangulia. Maana yake, jani lililochomoza leo likiwa jeupe liliharibikiwa usiku wa siku kadhaa zilizopita, kabla hujaliona. Urea ya leo imechelewa kulisaidia.

Sisemi kwamba mbegu zetu za mpunga kama Saro 5 au Supa zina kasoro hiyo. Hata mpunga wenye jeni kamili una kikomo chake cha baridi, na aina hutofautiana. Ukileta mbegu ya rafiki kutoka Kyela, kule chini kandokando ya Ziwa Nyasa kwenye joto, ijaribu kwanza kwenye kipande kidogo cha kitalu chako.

Dawa ya baridi ni maji, na hapa ndipo ningependa mkulima aweke nguvu zake. Maji hupoa taratibu kuliko hewa. Jioni ingiza maji kitaluni yafike sentimita tatu hadi tano, bila kuzamisha miche; asubuhi jua likishapanda yapunguze ili udongo upate joto. Usifungulie mfereji alfajiri. Mito kama Mbarali, Kimani na Chimala inashuka kutoka milimani, na maji yake ya usiku ni baridi kweli. Kwa sababu hiyohiyo, usiweke kitalu kwenye mdomo wa mfereji. Ukiwa na nafasi, pitisha maji kwanza kwenye jaruba tupu lenye kina kifupi, yapigwe na jua, ndipo yaingie kwa miche. Anayeweza kununua nailoni angavu aitandaze juu ya fito zilizopindwa nyakati za usiku, aifunue mchana miche isiungue.

Njano yenye michirizi na mabaka, miche ikidumaa, ni jambo jingine kabisa: huenda ni kimyanga. Hicho ni kirusi, mbolea haikitibu. Ng'oa miche hiyo, iondoe kitaluni, na unawe mikono kabla ya kushika mingine.

Urea nayo ina wakati wake. Karibu robo tatu ya naitrojeni ya jani la mpunga imo ndani ya kloroplasti, kwa hiyo bila naitrojeni hakuna kiwanda. Ila igawe: sehemu moja mpunga unapoanza kuchipua machipukizi baada ya kupandikiza, nyingine unapoanza kutunga suke tumboni. Punguza maji jarubani kwanza na uzibe matoleo, la sivyo mbolea itakwenda kwa jirani wa chini.

Kabla ya yote hayo, fanya jaribio hili. Chagua miche kumi iliyopauka, kila mmoja ufunge uzi mwekundu, kisha uendelee kuikinga na baridi kwa maji ya jioni. Subiri jani jipya lichomoze. Kwenye baridi laweza kuchukua wiki nzima. Likitoka kijani, baridi ndiyo iliyokuwa tatizo, na miche itafaa kupandikizwa bila chembe ya urea ya ziada. Likitoka jeupe tena wakati siku zimeshapata joto, ng'oa miche miwili mitatu pamoja na mizizi na udongo wake, ifunge kwenye mfuko wenye unyevu, umpelekee afisa ugani wa kata siku hiyohiyo.