Kabla hujalipia tua ya Krismasi kwenye bustani ya michezo, soma hapa kwanza

Kila Desemba sisi wa huku California swali ni lile lile, ndugu wamekuja, watoto wameshaahidiwa Mickey, alafu mtu anaona kwenye simu tua ya Krismasi, yaani ziara ya kutembezwa bustanini na muongozaji, kwenye picha kuna taa na vikombe vya chokoleti ya moto, anasema shemeji si tulipie na hii basi tumalize kabisa. Subirini kwanza. Tua hizi sio utapeli, ila watu wengi wanatoka wamenuna kwa sababu walilipia kitu ambacho hakikuwemo toka mwanzo.

Jua unachonunua. Ukiitoa mapambo, tua ya namna hii ina vitu vitatu: kuruka foleni ya mchezo mmoja au miwili ya kupanda, sehemu ya kukaa kuangalia gwaride la Krismasi, na maneno ya muongozaji. Basi. Pale Disneyland ya Anaheim, bustani ya kina Mickey, tua yao ya sikukuu imekuwa hivyo kwa miaka mingi, masaa kama mawili na nusu hivi, mnapitishwa kwenye michezo iliyobadilishwa kwa ajili ya Krismasi, mnapewa kinywaji cha moto na kitu kitamu na pini ya ukumbusho, alafu mnakalishwa sehemu yenu gwaride lipite. Lakini vilivyomo vinabadilika kwahiyo usitegemee stori za mtu aliyeenda 2017, ingia kwenye tovuti yao mwenyewe usome mstari kwa mstari. Palipoandikwa "huenda" usipahesabu kabisa.

Na tiketi ya kuingilia getini haimo humo!! Hapa ndo watu wanachokaga. Tiketi ya siku moja ya Disneyland kwenye siku zenye watu wengi inavuka dola 200 kwa mtu mzima, mtoto chini ya miaka 3 ndo anaingia bure, sasa tua ni juu ya hapo, kwa kila kichwa. Familia ya watu watano hiyo ni kodi ya nyumba kwa mtu Dar.

Sasa hesabu yenyewe. Mchezo wa It's a Small World, ule wa kupanda boti katikati ya vidoli vinavyoimba, unavalishwa Krismasi tangu 1997, Haunted Mansion, ile nyumba ya mizimu, tangu 2001, na hiyo ya pili hata haingoji Desemba, inaanza kabla ya Halloween inaenda mpaka mwaka mpya umeingia. Yote miwili ni ya kila mtu mwenye tiketi ya kuingilia. Yaani tua haikuonyeshi kitu ambacho wengine hawakioni, inakuwahisha tu. Kwahiyo jiulize unaenda siku gani. Ukienda Jumanne mwanzoni mwa Desemba na ukafika geti halijafunguliwa, foleni utazimudu na sioni sababu ya tua. Ukienda kati ya tarehe 25 na mwaka mpya, watu mle ndani ni kama Kariakoo siku ya mkesha wa Idi, hapo kuruka foleni na kupata pa kukaa kuna thamani ya kweli. Ila hata hapo linganisha na Lightning Lane, ile huduma yao ya kulipia kuruka foleni, maana hiyo unaitumia kwenye michezo mingi siku nzima na hakuna anayekuhadithia kitu.

Angalia pia unaenda na nani, na hili naona watu hawaliwazi kabisa. Muongozaji anaongea Kiingereza cha haraka chenye utani wa Kimarekani. Kama umekuja na bibi kutoka Morogoro wewe ndo utageuka mkalimani masaa yote mawili na nusu, mtu anacheka bibi anauliza kasemaje, ukimaliza kutafsiri kundi limeshahama. Na watoto wadogo, mimi kwa maoni yangu chini ya miaka 7 usiwapeleke, wanaambiwa bustani ilifunguliwa 1955 na Walt Disney alikuwa anafanya hivi na vile wakati wao wanaiona bembea pale mbele inazunguka na hawaruhusiwi kuikimbilia. Tena Haunted Mansion ni giza na mafuvu, kuna mtoto atalia. Ila kama una mama mkwe ambaye magoti yanasumbua, ile sehemu ya kukaa ya gwaride inaweza kuwa ndo kitu kizuri kuliko vyote, sababu bila hiyo inabidi mwende kukalia ukingo wa barabara mapema sana la sivyo mtaangalia migongo ya watu.

Kabla ya kulipa piga simu au uliza kwenye chati yao. Kundi lina watu wangapi, tunatembea kiasi gani, kigari cha mtoto kinaruhusiwa, mchezo ukiharibika siku hiyo tunapewa nini badala yake, na mwisho wa kughairi bila kukatwa hela ni lini. Wakikupa saa za kuchagua chukua ya jioni. Taa za Krismasi saa tano asubuhi juani hazina maana yoyote, utapiga picha za waya.

Waandae wageni kuhusu theluji pia. Ni povu la sabuni linapulizwa na mashine usiku, sio barafu, na Anaheim Desemba mchana unaweza kuvaa tisheti. Mti mkubwa wa Main Street, ile barabara ya kuingilia bustanini, una futi 60 na ni wa bandia. Fataki nazo zinaweza kufutwa dakika za mwisho kwa ajili ya upepo huko juu, msimu huu kuna pepo za Santa Ana zinatoka jangwani, kwahiyo usimuapie mtoto.

Haya tuseme umeshalipa na mambo yanaenda kombo mko katikati. Husikii, mwambie muongozaji pale pale, usingoje iishe, na usigombane nae, yeye kapewa maneno ya kusema na muda wa kufuata. Mkimaliza nendeni huduma kwa wateja siku hiyo hiyo kabla hamjatoka, pale Disneyland ni City Hall, ukiingia tu Main Street. Usiseme "ilikuwa mbaya", hiyo haina mashiko. Sema tuliahidiwa michezo miwili, mmoja ulifungwa, hatukupewa mbadala, onyesha na ile picha ya ukurasa uliyopiga siku unalipa (piga jamani, ukurasa hubadilishwa). Omba kitu mnachoweza kutumia saa hiyo hiyo kama kupitishwa foleni ya mchezo mwingine, mara nyingi ni rahisi kukubaliwa kuliko kurudishiwa hela. Kuchoshwa tu na tua hakurudishiwi hela, hilo lisahau.

Mimi nikiamua kuachana na tua nafanya hivi: asubuhi geti likifunguka moja kwa moja Haunted Mansion foleni haijavimba, baada ya hapo mnazunguka New Orleans Square, eneo hilo hilo la Haunted Mansion, taratibu maana mapambo ya pale ni mazuri na watu wanayapita mbio, mchana mnakula mnapumzika, mmoja anatangulia kushika nafasi ya gwaride na mkeka mdogo wengine wanakuja baadae, alafu Small World mnaiacha mpaka giza liingie sababu ule ukuta wake wa mbele ukiwashwa taa zote ndo utaelewa kwanini watu wanajazana pale. Ndani wimbo umechanganywa na Jingle Bells, bibi huo anaujua hata bila mkalimani. Na pini kama mtoto ameing'ang'ania, sio lazima iwe ile ya tua, madukani Main Street zipo za Krismasi kibao.