Namna ya Kutumia Tangawizi Mbichi na Kavu kwa Mujibu wa Tiba ya Jadi ya Kichina

Anayetaka kuitumia tangawizi kama wanavyoitumia waganga wa Kichina hana budi kujua kwanza kwamba kwao hiyo si dawa moja. Tangawizi mbichi, sheng jiang, huhesabiwa kuwa na joto la wastani, na kazi yake ni kufungua vinyweleo ili jasho jepesi litoke, kutuliza kichefuchefu na kupunguza kikohozi cha baridi. Tangawizi kavu, gan jiang, ina joto kali na hulipeleka joto hilo ndani, kwenye tumbo, wengu na mapafu. Ya tatu, pao jiang, ni ile kavu iliyokaangwa katika mchanga wa moto hadi ikavimba na kugeuka rangi ya kahawia, nayo hutumika zaidi kwa maumivu ya tumbo na utokaji wa damu unaohusishwa na baridi. Katika orodha rasmi ya dawa ya Uchina kila moja imeandikwa peke yake: gramu 3 hadi 10 kwa siku kwa mbichi na kavu, na gramu 3 hadi 9 kwa ile iliyokaangwa.

Tofauti hii ina mashiko hata kwa mtu asiyefuata nadharia za Kichina. Tangawizi mbichi hupata ukali wake hasa kutokana na kemikali iitwayo jinjeroli, na inapokaushwa au kupikwa kwa moto sehemu ya jinjeroli hugeuka kuwa shogaoli, ambayo ni kali zaidi mdomoni. Kwa hiyo, kubadilisha mbichi kwa unga mkavu, kijiko kwa kijiko, ni kubadilisha dawa.

Kabla ya kubandika sufuria, tazama dalili. Mganga wa Kichina huuliza kwanza kama ugonjwa ni wa baridi au wa joto. Mgonjwa wa baridi husikia ubaridi mwilini, kamasi na makohozi yake ni meupe na mepesi, ulimi una utando mweupe, na tumbo likiuma hupata nafuu anapoliwekea kitu cha moto. Mwenye koo jekundu linalochoma, makohozi ya njano, kiu kali, choo kigumu au jasho la usiku huhesabiwa kuwa na joto, na huyo hapewi tangawizi kwa sababu inaaminika kumzidishia. Kwa sisi tunaoishi penye malaria nasisitiza jambo moja: homa ipimwe kwanza katika kituo cha afya. Tangawizi haitibu malaria, na siku inayopotea kwa kunywa chai inaweza kumgharimu mtoto maisha yake.

Kwa mafua yanayoanza baada ya kunyeshewa au kupigwa na upepo, chukua tangawizi mbichi ya gramu 10, ambayo ni kipande kinachokaribia pingili ya juu ya kidole gumba cha mtu mzima. Ioshe vizuri, iache na ganda lake, uikate vipande vyembamba, kisha uichemshe katika vikombe viwili vya maji kwa dakika tano hadi kumi huku sufuria imefunikwa, ili mvuke wenye harufu usipotee. Wachina huongeza sukari nyekundu ya miwa isiyosafishwa, na sukari guru ya kwetu inafaa kabisa mahali pake. Kinywaji hiki hunywewa kingali moto, ndani ya siku moja au mbili za mwanzo; mafua yakishakomaa na kugeuka ya joto, wakati wake umepita.

Namna ya kunywa ina uzito sawa na dawa yenyewe. Zhang Zhongjing, tabibu wa Kichina aliyeandika kitabu cha tiba kiitwacho Shanghan Lun mwanzoni mwa karne ya 3, alipoeleza mchanganyiko wake wa mdalasini wa Kichina, mizizi ya ua la peoni, tangawizi mbichi, urukususu na matunda makavu ya jamii ya kunazi (siyo tende, kama wengi wanavyodhani), aliagiza kwamba baada ya kunywa dawa mgonjwa anywe uji mwepesi wa moto, ajifunike kwa takriban saa mbili, na atoke jasho la unyevunyevu mwili mzima. Alikataza jasho la kutiririka, kwa kuwa aliona kwamba likitiririka ugonjwa hauondoki. Aliongeza pia kwamba dozi moja ikitosha, zilizobaki zisinywewe. Ninalipenda agizo hilo kwa sababu linampa mgonjwa kipimo cha kuacha, jambo ambalo mapishi mengi ya tangawizi yanayosambazwa siku hizi hayana.

Kwa kichefuchefu, ponda kipande kidogo kibichi, kamua matone machache, uyachanganye na maji ya uvuguvugu na kuyanywa taratibu. Wengine hushika tu kipande chembamba mdomoni wakiwa safarini. Mjamzito anaweza kunufaika, kwani tangawizi ni kati ya dawa za mimea zilizofanyiwa utafiti zaidi kwa kichefuchefu cha mimba, lakini asizidishe na amjulishe mkunga wake. Waganga wa Kichina huiunganisha tangawizi na banxia, mmea ambao ukiwa mbichi ni sumu. Huo uachiwe wenye taaluma.

Tangawizi kavu ni ya tumbo baridi: kuharisha majimaji bila homa, kukosa hamu ya kula, mikono na miguu kupoa. Ukiitengeneza nyumbani, chagua matunguu yaliyokomaa, yenye nyuzi na ganda gumu, uyakate vipande vya unene wa milimita tatu hadi nne, uyaanike juani hadi yavunjike kwa mlio, kisha uyahifadhi katika chupa kavu yenye kifuniko. Kipande chenye ukungu kitupwe chote, maana kukata sehemu iliyooza hakutoshi. Anza na gramu 3 kwa siku, uzichemshe kwa moto mdogo dakika ishirini hadi thelathini, unywe baada ya chakula. Kuharisha kukiambatana na damu, homa au dalili za kuishiwa maji, nenda hospitali. Ile ya kukaangwa mchangani sishauri ijaribiwe nyumbani, kwa kuwa moto ukizidi kidogo tu hupati dawa uliyokusudia.

Anayetumia warfarin au dawa nyingine ya kupunguza kuganda kwa damu, mwenye mawe kwenye nyongo, na anayesubiri upasuaji wazungumze na daktari kabla ya kutumia tangawizi kwa kiwango cha dawa. Ile ya kuungia mchuzi ni suala jingine.

Kuna supu ya mwanamke aliyejifungua, nayo pia imetoka kwa Zhang Zhongjing, ambayo watu wa pwani waliozoea kumpa mzazi uji wa pilipili manga wataielewa mara moja. Ni ya maumivu ya tumbo ya baridi baada ya uzazi, na ina vitu vitatu tu: nyama ya kondoo, tangawizi mbichi na mzizi wa danggui, mmea wa dawa wa Kichina. Kwa jiko la leo, nusu kilo ya nyama, gramu 30 za tangawizi na gramu 10 za danggui zinatosha. Chemsha nyama kwanza, mwaga maji yenye povu, weka maji mapya pamoja na viungo, upike kwa moto mdogo hadi nyama ilainike, kisha ugawe mchuzi mara tatu kwa siku. Maandishi ya asili yanasema baridi ikiwa nyingi tangawizi iongezwe, na maumivu yakiambatana na kutapika litiwe ganda la chenza. Danggui haimfai mjamzito wala anayetokwa damu nyingi, na mzazi mwenye homa au damu inayozidi apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.