Somo: Kuzinasa FOS na EGR1 kabla hazijazimika

Seli iliyotulia, yaani isiyogawanyika, ikipata ishara ya kukua, huwasha jeni za FOS, JUN na EGR1 ndani ya dakika chache, kisha huzizima. Protini za jeni hizo nazo hushika DNA na kuwasha jeni nyingine. Mwaka 1984 Michael Greenberg na Edward Ziff walilionyesha hilo kwa FOS kwenye seli za panya za 3T3, aina inayokuzwa maabara. Ukiwa na seli hizo, unaweza kuliona mwenyewe.

1. Zitulize. Zikikaribia kujaza sahani, ziweke kwenye midia (maji ya kulishia seli) yenye seramu, majimaji ya damu yanayobeba ishara za kukua, asilimia 0.5 tu kwa saa 24. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Hata kubadilisha midia tu huweza kuiamsha EGR1, kwa hiyo tenga sahani moja utakayoishika vilevile bila kuipa seramu.

2. Ongeza seramu ifike asilimia 20. Vuna dakika ya 0, 15, 30, 60 na 120. Ukija kuvuna baada ya saa sita, utasema hakuna kitu.

3. Toa RNA, pima kwa qPCR, njia ya kukadiria wingi wa RNA ya kila jeni. Jeni ya kulinganishia isiwe aktini (jeni ya kiunzi cha seli), maana nayo huamshwa na seramu! Chukua HPRT, jeni nyingine ya kawaida.

4. Sahani nyingine itangulizie sikloheksimidi, mikrogramu 10 kwa mililita, nusu saa kabla ya seramu. Ni sumu, vaa glavu. Dawa hii huzuia utengenezaji wa protini, lakini FOS na EGR1 zitapanda tu, tena kupita kawaida, kwa sababu kuzizima kunahitaji protini mpya. Kwangu mimi, bila sahani hii jaribio halijakamilika: ndiyo inayoonyesha kwamba viwashio, protini za SRF na ELK1, vilikuwemo tayari, vikingoja ERK, kimeng'enya kinachopeleka ishara, iipachike ELK1 fosfeti.

Maswali ya wanachama

Neema: Mwalimu, kama jeni ni zilezile, seli inajuaje igawanyike au ibobee, yaani ichukue kazi maalumu?

Jibu: Angalia muda wa ishara. Seli za PC12 (za uvimbe wa tezi ya adrenali ya panya) zikipewa EGF, protini ya ishara ya kukua, ERK huwaka kidogo na kuzimika, nazo huendelea kugawanyika. Zikipewa NGF, protini ya ishara ya kukuza neva, ERK hubaki imewaka kwa saa kadhaa, nazo huota vikonyo kama vya neva. ERK inayodumu huipachika FOS fosfeti, isivunjwe upesi.

Hamisi: EGR1 inazimwa na nani?

Jibu: Yenyewe huwasha jeni ya NAB2, ambayo protini yake hurudi kuikandamiza.

Zuhura: Panya asiye na EGR1 anaishi?

Jibu: Anaishi, huenda kwa sababu ndugu zake EGR2, 3 na 4 zipo. Ila majike hawazai: tezi ya pituitari haitengenezi kipande cha beta cha homoni ya LH, inayochochea yai kutoka.

Baraka: Sisi hatuna qPCR, mzee.

Jibu: Tumia kingamwili (protini inayoishika FOS) yenye rangi ya kung'aa, ukizigandisha seli dakika ya 60 hadi 90 baada ya seramu. Tazama viini vya seli kwa hadubini ya mng'aro.