Dakika ya ngapi? Jinsi ya kuisema albamu ya progu bila kununiana

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Nashona suruali za shule na mapazia, na tangu saa mbili asubuhi masikioni mwangu ni roki ya progresivu, yaani progu, muziki wa magitaa wenye nyimbo ndefu na mapigo yanayobadilikabadilika, na metali, ndugu yake mwenye kelele. Ugonjwa huu aliniachia mjomba, baharia, aliyekuwa akirudi safari na kanda amezifunga ndani ya soksi. Jumapili baada ya isha tunakaa watu watano mbele ya kibanda changu, tunasikiliza albamu moja nzima, kisha kila mtu anasema lake. Tumewahi kununiana wiki mbili kwa sababu ya solo moja ya gitaa. Ninayoandika hapa ndiyo yaliyoturudisha kwenye benchi moja.

Kabla ya yote, hakikisha ulichosikiliza ni albamu. Utasema nani asiyejua hilo? Mimi sikujua. Simu yangu ya kwanza ya kadi nilimpelekea kijana wa kujaza nyimbo, akaniwekea The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, ya 1973. Simu ikazipanga nyimbo kwa alfabeti. Miezi miwili mizima nikawatangazia watu kwamba albamu hii inasifiwa bure, haina kichwa wala miguu. Na kweli ile yangu haikuwa navyo: mapigo ya moyo yanayofungua albamu nilikuwa nayasikia kwenye wimbo wa saba, na yanayoifunga kwenye wimbo wa nne. Nyimbo zilizotungwa zimiminike moja ndani ya nyingine zilikatika kama kitenge kilichopitiwa na mkasi butu. Shemeji yangu, fundi redio, ndiye aliyeishika simu, akatazama orodha, akacheka mpaka akakaa chini. Niliwaomba radhi wote.

Basi linganisha mpangilio wa nyimbo na ule wa kwenye jalada, na zima kile kitufe cha kuchanganya. Uliza pia ni toleo gani. Vapor Trails ya Rush ilitoka 2002 ikiwa imekazwa sauti kiasi cha kuchosha masikio, na 2013 ikatolewa upya baada ya kuchanganywa sauti upya. Watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha juu ya albamu hiyo, kumbe kila mmoja ana yake.

Sikiliza mara tatu. Ya kwanza ukiwa kazini, ikupite tu. Ya pili mikono ikiwa mitupu. Ya tatu shika penseli. Mimi naandika kwenye daftari lilelile la vipimo, na siku moja mteja alisoma chini ya jina lake: kiuno 34, urefu 41, 3:05 HAPO! Akauliza kama hiyo ni saa ya kuja kuchukua suruali.

Hiyo 3:05, yaani dakika ya tatu na sekunde ya tano, ndiyo sheria yetu kubwa, na ukisahau yote mengine ishike hii. Mtu akisema "albamu hii ni kali" au "hii takataka", anayekaa karibu naye anamuuliza: "Dakika ya ngapi?" Asipokuwa na dakika, anakunywa kahawa na kungoja zamu nyingine. Neno "kali" halina pa kushikwa. Lakini ukinionyesha mahali, nitarudisha wimbo nyuma, tutasikia pamoja, na hata tukitofautiana tutakuwa tunatofautiana juu ya kitu kimoja.

Nikuonyeshe kwa ule wimbo wa pesa, Money, katika albamu hiyohiyo. Cherehani yangu ni ya kukanyaga: kisigino, vidole, kisigino, vidole. Niliuanza wimbo na "moja" ikaangukia kisigino. Nikahesabu mapigo mpaka saba, ndipo mzunguko unapokwisha, nikarudi kwenye moja, nayo ikaangukia vidole. Mzunguko uliofuata, kisigino tena. Saba ni witiri, kwa hiyo "moja" inahamahama na mguu hautulii. Saksafoni inaingia na kupiga juu ya saba hiyohiyo. Halafu, kama dakika ya tatu, linaingia gitaa la David Gilmour, na hesabu inageuka kuwa nne. Ghafla kila "moja" iko kisigino. Mshono wangu wa pindo ulinyooka. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini solo ile inampa msikilizaji raha kuliko noti zake zenyewe zinavyostahili: dakika tatu umetembea na kiatu chenye msumari, sasa umekivua. Hayo ndiyo maoni. Unaweza kuyapinga, lakini huwezi kusema hujui nilichosikia.

Ukiwa mtu wa pwani usiogope hesabu hizi. Uliyekulia kwenye chakacha, yenye sita zake, sikio lako halijazoea nne tupu.

Jambo la pili ni kutenganisha kitambaa, mshono na pasi. Suruali inaweza kuwa na kitambaa kizuri na mshono safi, pasi ikaiharibu. Images and Words ya Dream Theater, ya 1992, kwangu ina nyimbo za kupigiwa mfano na wapigaji hodari, ila sauti ya snea, ile ngoma yenye mlio mkali wa kukatika, inanikera: pigo la mia linafanana na la kwanza, kama mtu anayegonga mabati. Shemeji aliposikia hivyo alinijia juu akidhani naitukana bendi. Nikamwambia, kaka, nalalamikia pasi, kitambaa sijakigusa. Tangu hapo tunaanza kwa kutaja: nasema utunzi, nasema upigaji, au nasema namna ilivyorekodiwa.

Taarifa nayo usiichanganye na maoni. Mwalimu mmoja katika kundi letu anajua kila kitu kuhusu Lateralus ya Tool, ya 2001: jinsi silabi za mistari ya mwanzo wa wimbo wenye jina hilo zinavyokwenda 1, 1, 2, 3, 5, 8, kila namba ikiwa jumla ya mbili zilizotangulia. Alitueleza kwa robo saa, kwa vidole. Tukamuuliza, haya, wewe unaupenda? Akanyamaza. Wimbo hauwi mtamu kwa sababu una hesabu, kama vile pilau haiwi tamu kwa sababu unayajua majina ya viungo. (Mimi naupenda, lakini kwa ajili ya ngoma za Danny Carey.)

Uzalendo ni mtego mwingine. Nikitaka kumwingiza mgeni katika muziki huu naanza na Queen II ya 1974, hasa ule upande ulioitwa mweusi, ambao nyimbo zake zote ni za Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi hiyo ya Queen, mtoto aliyezaliwa Unguja mwaka 1946. Watu wakisikia Unguja, wanausifu kabla haujapigwa. Kwa hiyo siku hizi nataja Unguja mwishoni.

Kusema hukupenda ni haki yako, ila sema ulifika wapi. Albamu ya kwanza ya King Crimson, ya 1969, naiheshimu kama mzee wa ukoo. Lakini wimbo wake mmoja, Moonchild, una dakika kumi na mbili, na baada ya mbili na nusu hivi wimbo unayeyuka, unabaki mchezo wa vyombo vinavyonong'onezana. Nimejaribu mchana, nimejaribu usiku. Haunishiki. Mwalimu anasema ndipo anapopumua. Tumeandika maneno yote mawili kwenye daftari, ukurasa mmoja.

Alama za kumi juu ya kumi tumezipiga marufuku, maana watu waligombania nusu alama na kusahau muziki.

Jumapili iliyopita ilikuwa zamu ya Blackwater Park ya Opeth, ya 2001. Nilichagua kuwaandaa kwa The Drapery Falls, maana jina lake ni habari ya mapazia kuanguka, nami nilikuwa na mapazia ya watu mezani. Karibu nusu ya kwanza ya wimbo mwimbaji, Mikael Åkerfeldt, anaimba kwa sauti laini. Kisha ananguruma. Muuza kahawa wetu, mzee asiyejua Kiingereza wala jina la bendi hata moja, alikuwa anasuuza vikombe. Akainua kichwa.

"Huyu ni yuleyule wa mwanzo?"

"Ni yuleyule, mzee wangu."

Akasikiliza mpaka mwisho, vikombe viwili mkononi, akivigonganisha taratibu. Ulipokwisha nilimwambia asiseme kitu kwa adabu tu, aseme kweli. Akaniomba nirudishe nyuma. Nikarudisha. Bado, rudisha tena. Alipofika pale sauti inapogeuka alinyoosha kidole kwenye simu.

"Hapa. Hapa amechelewa. Mtu mwenye hasira hii angepiga kelele tangu pale kwenye gitaa la kwanza. Dakika ya ngapi hii? Andika."